Mwacheni Mjomba Ajisukume

Jumapili iliyopita nilikuwa Ibadakuli kumsalimia mjomba. Kwa wale wasiopajua, Ibadakuli ni kata ya Manispaa ya Shinyanga, ule upande wenye uwanja wa ndege na kituo kikubwa cha kupozea umeme, ambapo nyaya zinazotoka Iringa kupitia Dodoma na Singida zinaishia. Jioni kulikuwa na mechi ya Yanga na mjomba ni Yanga wa kufa na kuzikana, kwa hiyo tukaanza safari ya kwenda kibanda umiza. Kama mpwa mwenye adabu, nikazunguka nyuma ya kiti chake, nikashika mishikio na kuanza kusukuma.

Mjomba akavuta breki.

"Mpwa, kwani nimekuomba?"

Nikacheka nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Akaniambia, "Wewe ukinisukuma unafika wewe. Mimi nakuwa nimebebwa tu, kama gunia la pamba."

Ndugu zangu, nimemsukuma mtu huyu tangu nikiwa mtoto wa shule ya msingi. Nilikuwa najivunia! Nyumbani tulikuwa tunagombania nani amsukume anko. Leo ndiyo anakuja kuniambia kwamba miaka yote hiyo nilikuwa namgeuza gunia? Niliumia kidogo, nakiri. Usiku nikakaa nikafikiri, nikasoma, na kesho yake nikaongea na rafiki yangu mmoja ambaye ni mtaalamu wa fiziotherapia. Nimegundua mjomba yuko sahihi kuliko hata yeye mwenyewe anavyojua, na sehemu moja ndogo hayuko sahihi. Hayo ndiyo nataka tuzungumze leo.

Kwanza historia fupi. Mwaka 1998 mjomba alikuwa kijana wa miaka 28, mwenye nguvu zake, yuko kwenye machimbo ya Geita. Enzi hizo kukisikika tetesi ya dhahabu mahali, wiki haiishi pameshaota mji wa maturubai. Siku moja akiwa anapandishwa kutoka kwenye duara, kamba ikakatika. Hakufa. Ila uti wa mgongo ulivunjika chini kidogo ya kifua, na ule mshipa mkubwa wa fahamu unaopita ndani yake ukaharibika. Tangu siku hiyo kuanzia kiunoni kwenda chini hasikii kitu.

Sasa jiulize, watu kama mjomba wako wangapi katika ukanda huu wa Shinyanga na Geita? Sisi waandishi wa habari tunalo kosa letu hapa na nitalisema. Mgodi ukiporomoka tunakimbia wote kwenye mdomo wa shimo. Oktoba 2015 kule Nyangalata, Kahama, dunia nzima iliandika habari za wachimbaji waliokaa ardhini siku 41 wakila mizizi na wadudu mpaka wakatolewa Novemba. Agosti 2025 ilikuwa Nyandolwa, hapa hapa Shinyanga, watu 25 wamefukiwa. Tunahesabu waliokufa, tunahesabu waliookolewa, tunafunga daftari. Yule aliyetoka akiwa hai lakini mgongo umevunjika tunamhesabu kwenye "waliookolewa", habari imeisha. Tunaonana naye tena siku mheshimiwa fulani anapokabidhi viti mwendo, tunapiga picha, tunaondoka tena.

Kati ya lile shimo na ile picha kuna miaka thelathini ya maisha ya mtu. Hiyo hatuiandiki.

Na si migodi tu. Utafiti uliofanyika KCMC kule Moshi na kuchapishwa mwaka 2017 uliangalia mafaili ya wagonjwa zaidi ya 200 walioumia uti wa mgongo. Karibu nusu walikuwa wameanguka kutoka juu, na kama theluthi hivi ilikuwa ajali za barabarani. Wewe unayesoma hapa unapanda bodaboda. Mdogo wako anapanda mti wa mwembe. Hii habari si ya "wale".

Haya, turudi kwenye jambo lenyewe. Zamani swali la mtu aliyevunjika uti wa mgongo kuzeeka halikuwepo kabisa, kwa sababu alikuwa hazeeki. Alikuwa anakufa. Vita ya Kwanza ya Dunia, askari aliyepigwa risasi ya uti wa mgongo alikuwa amehukumiwa. Kama si wiki hizo za mwanzo, basi baadaye kwa vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo. Madaktari walikuwa wanamlaza tu wanamsubiri. Februari 1944 daktari mmoja, Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekuwa amekimbia Ujerumani ya Hitler, akapewa wodi ya watu hao katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Akafanya mambo ambayo wenzake waliona ni usumbufu. Wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Wakae. Wafanye kazi. Wacheze! Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Olimpiki ya London inafunguliwa, akawapanga wagonjwa wake 16 kwenye majani wakiwa kwenye viti vyao, wakashindana kurusha mishale. Kutoka hapo ndipo tukapata Paralimpiki, ya kwanza ikihesabiwa ile ya Roma 1960.

Watu wengi wakiisikia hadithi hii wanaona ni hadithi ya michezo. Mimi naona ni hadithi ya tiba. Guttmann hakuwa anatafuta medali, alikuwa anatafuta namna ya kuwafanya watu wasife. Mwili uliokaa bila kutumika unaoza, hata ule upande ambao haukuumia.

Matokeo yake ni kwamba leo kuna wazee. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu zaidi ya milioni 15 duniani wanaishi na jeraha la uti wa mgongo. Mjomba wangu ni mmoja, amevuka miaka hamsini na tano, na karibu nusu ya maisha hayo kayaishi kwenye kiti. Na hapa ndipo linapokuja jambo ambalo hakuna aliyemwambia siku anatoka hospitalini: mtu wa namna hii huzeeka mapema, na huzeeka kwa namna yake.

Angalia. Misuli mikubwa kuliko yote mwilini ni ya miguu na makalio. Ikishalala, mwili unachoma chakula kidogo mno kuliko zamani, wakati ugali ni ule ule. Kwa hiyo kitambi, kisukari, na magonjwa ya moyo huja mapema kuliko kwa watu wa rika lake. Mifupa ya miguu isiyokanyaga chini hupoteza nguvu haraka, hasa miaka ile ya mwanzo, mpaka inaweza kuvunjika wakati mtu anahamishwa tu kitandani, na yeye hasikii maumivu. Ngozi nayo inazidi kuwa nyepesi kadiri umri unavyokwenda, kidonda kinaingia kwa urahisi na kinatoka kwa shida.

Halafu kuna mabega. Jamani, mabega! Bega la binadamu limeumbwa kwa ajili ya kufikia vitu: kuchuma embe, kutupa jiwe, kubeba mtoto. Halikuumbwa kubeba mwili mzima. Mjomba kwa miaka zaidi ya ishirini na tano amelitumia bega kama nyonga. Anatoka kitandani kwa mabega, anapanda kwenye kiti kwa mabega, anaingia chooni kwa mabega, anapita mchangani kwa mabega. Ndiyo maana maumivu ya bega yanawapata wengi sana wanaotumia kiti cha kusukuma kwa mkono, na yanazidi na miaka. Bega likifa, mtu aliyekuwa anajitegemea anaanza upya kuwa mgonjwa. Ni kama kuvunjika mara ya pili.

Sasa sisi ndugu tunafanyaje? Tunapenda. Na upendo wetu una sentensi moja: "MWACHENI APUMZIKE." Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa anaisema mara kumi kwa siku. Asichote maji, apumzike. Asiende sokoni, jua kali, apumzike. Asiende harusini, watamsumbua, apumzike. Ukimwona mzazi wa Kisukuma ambaye mwanawe amerudi kutoka machimboni akiwa hivyo, huwezi kumlaumu. Lakini kupumzika kwa miaka thelathini si mapumziko tena. Ni kifungo.

Mtu akisema mazoezi, tunafikiria watu wa Dar wanaokimbia Coco Beach na chupa ya maji mkononi. Hapana. Mwaka 2018 wataalamu kutoka nchi mbalimbali walitoa mwongozo wa mazoezi kwa ajili ya watu wazima wenye jeraha hili. Hautishi hata kidogo. Ili kuwa na nguvu za mwili: dakika 20 za kuhema, mara mbili kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu kwa misuli ile inayofanya kazi, mara mbili kwa wiki. Ili kulinda moyo na kujikinga na kisukari: dakika 30 za kuhema, mara tatu kwa wiki. Basi. Dakika tisini kwa wiki nzima, ambazo ni sawa na mechi moja ya Yanga bila mapumziko!

Najua kuna msomaji ananiambia hapa: "Wewe mwandishi acha mambo ya Kizungu. Maskini anayejisukuma kwenye mchanga kila siku ameshafanya mazoezi ya kutosha, unataka umuue?" Ni hoja nzuri na nimeifikiria. Rafiki yangu wa fiziotherapia alinijibu hivi. Kazi na mazoezi si kitu kimoja. Kusukuma kiti kunatumia misuli ya mbele tu, ya kifua na mbele ya bega, siku zote, mwaka mzima. Ile ya nyuma, kati ya mabega, haipati kitu. Mbele inakuwa na nguvu, nyuma inakuwa dhaifu, bega linavutwa mbele, linaanza kusagika. Kwa hiyo mtu anayesukuma sana ndiye anayehitaji zaidi mazoezi ya KUVUTA. Na kifaa chake hakinunuliwi Ulaya. Ni kile kipande cha mpira wa tyubu tunachofungia mizigo kwenye keria ya baiskeli. Kifunge kwenye nguzo ya nyumba, kaa mbele yake, vuta viwiko kuelekea nyuma, rudisha taratibu. Shilingi mia chache.

Hapa ndipo mjomba hakuwa sahihi. Yeye anadhani kujisukuma kila mahali, kwa nguvu, kwa haraka, bila msaada wa mtu, ndiyo uanaume. Anapiga ringi ya tairi vipigo vifupi vya harakaharaka kama anafukuza kuku. Inatakiwa msukumo mrefu na laini, mkono uachie halafu uning'inie chini kabla ya kurudi. Na ile tabia yake ya kujiinua kwa mikono ili kupumzisha makalio, siku hizi wanashauri kuinama mbele au kuegemea upande mmoja kisha mwingine, dakika mbili hivi kila upande, kwa sababu kujiinua kunamaliza mabega yale yale. Mabega yana akiba, na hiyo akiba hairudi benki. Ukiwa na miaka 28 unaitumia ovyo. Ukifika 55 unahesabu.

Mambo mengine mawili ya hatari nayataja haraka kwa sababu yanaua. Moja, mtu asiyesikia chini ya jeraha mara nyingi hatoki jasho vizuri chini ya hapo, na jua la Shinyanga mnalijua. Afanye asubuhi au jioni, na kitambaa chenye maji shingoni. Pili, aliyeumia sehemu ya juu, kifuani kwenda shingoni, akiumwa kichwa ghafla cha kupasua, uso ukawa mwekundu au ukatoka jasho jingi, asiambiwe "ni uchovu". Presha yake inaweza kuwa inapanda vibaya. Akalishwe wima, nguo zilegezwe, mpira wa mkojo uangaliwe kama umeziba, na akimbizwe hospitali.

Lakini nikwambie kilichonigusa zaidi katika mazungumzo yetu. Nilimuuliza mjomba kama angependa tumtengenezee ratiba ya mazoezi, Jumatatu hiki, Jumatano kile. Akanitazama kama nimemtukana. "Mpwa, mimi sitaki mazoezi. Nataka pa kwenda."

Fikiria hilo. Sisi wenye miguu hatutembei kwa ajili ya afya, tunatembea kwa sababu kuna sokoni, kuna kanisani, kuna kijiweni, kuna kwa shemeji. Miguu yetu inafanya mazoezi bila sisi kujua. Mtu wa kiti tunamnyima safari zote hizo halafu tunamletea ratiba! Mazoezi bila mahali pa kwenda ni adhabu. Kibanda umiza kikitolewa ile ngazi mbili za mlangoni na kuwekwa mteremko wa saruji, mjomba atafanya dakika zake tisini kwa wiki bila mtaalamu yeyote kumwambia. Yanga itamfanyisha.

Na hapo linaingia suala la nchi. Sheria tunazo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ni ya mwaka 2010 na inazungumzia kufikika kwa majengo ya umma. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ni ya 2008, na mfuko wake ukaanza kazi 2015, lakini mchimbaji mdogo asiye na mwajiri wala mkataba anaangukia wapi? Anaangukia kwa bibi yangu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023. Sheria ya Madini iliporekebishwa 2017 iliitaka migodi ipeleke mpango wa kusaidia jamii ukubaliwe na halmashauri. Halmashauri zina mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani, na mbili kati ya hizo ni za watu wenye ulemavu. Fedha si kwamba hazipo kabisa. Ila tunafikiria viti tu.

Mtazamo wangu ni huu. Kiti kikikabidhiwa, hilo ni jambo la kwanza na si la mwisho. Shirika la Afya Duniani lilishasema katika mwongozo wake wa 2008 kwamba kiti lazima kimfae mtu, kipimwe kwa mwili wake na mazingira yake, na afundishwe kukitumia. Kiti chembamba cha hospitali chenye vigurudumu vidogo vya mbele hakiwezi kupita kwenye udongo mweusi wa mbuga, mvua ikinyesha kinazama. Vile vya magurudumu matatu, vyenye gurudumu moja mbele kwa mbali, vinapita. Ujuzi wa mambo haya upo nchini, TATCOT pale KCMC wanafundisha mafundi. Basi sehemu ya fedha za migodi na za halmashauri ziende kwenye karakana moja Shinyanga na moja Geita, mahali ambapo tairi likipasuka linazibwa na beringi ikifa inabadilishwa siku hiyo hiyo. Kikundi cha watu wenye ulemavu wenyewe kinaweza kuiendesha kwa ule mkopo wa asilimia mbili. Na kila aliyeumia uti wa mgongo aitwe hospitali mara moja kwa mwaka, hata kama haumwi: ngozi iangaliwe, sukari ipimwe, presha, mkojo, mabega. Mara moja tu kwa mwaka. Gari tunalipeleka gereji mara ngapi?

Na sisi waandishi, mimi nikiwa wa kwanza, turudi kwa waliookolewa baada ya miaka kumi.

Namalizia na Jumapili ile. Baada ya mjomba kuvuta breki nilikuja pembeni yake, tukaenda sambamba kwa mara ya kwanza maishani mwetu. Nimegundua kwamba miaka yote nilikuwa naongea na kisogo chake! Tulichelewa. Alisimama mara mbili, akainama mbele, akapumua, akasalimiana na watu, akagombana na shabiki mmoja wa Simba. Njia ya dakika kumi ikachukua karibu nusu saa. Yanga walikuwa wameshafunga goli na hatukuliona.

Karibu na kibanda kuna mahali pana mchanga mwingi na kamwinuko kadogo. Alijaribu mara moja, tairi likazunguka pale pale. Akashika bega lake la kulia, akageuka akanitazama.

"Haya mpwa," akasema, "hapa sasa sukuma."

Nikasukuma. Ndugu msomaji, kama una mjomba, shangazi, dada au jirani wa namna hii, subiri hilo neno "sukuma". Kabla ya hapo, tembea pembeni yake.

Ni mtazamo tu. Wiki njema.